Mashavu ya Tarsisi

Mwaka ule nilipokuwa nakufa, watu wa Mkumbi walinisifu kwa kunawiri. Nikitoka kanisani wanaume wananipiga bega, wanawake wanayatazama mashavu yangu na kusema Mungu ni mwema. Mimi nami nacheka nao, nakubali sifa kana kwamba mashavu hayo nimeyalima mwenyewe.

Naitwa Tarsisi. Ni mkulima wa kahawa na mahindi, na nina hasira za karibu. Hilo hata paroko analijua. Masika yaliyotangulia niligundulika nina saratani ya ini. Waliniambia virusi vya homa ya ini vilikuwa mwilini mwangu tangu utotoni, vimekaa kimya, kumbe vinakula taratibu. Mke wangu Bonifasia na watoto walipimwa, wakachanjwa. Kwangu mimi muda wa chanjo ulikuwa umepita. Uvimbe ulikuwa umekaa pabaya, haukatiki kwa kisu, na ningeambiwa nirudi nyumbani nikasali kama si Daktari Kauthar.

Kauthar ni mtoto wa Mbinga mjini. Babu yake alitoka Kilwa akaja kuuza vitambaa, baba yake akauza vitambaa na baiskeli, yeye akakataa kuuza chochote, akaenda kusomea saratani. Alikuwa anasimamia mradi wa utafiti kwenye hospitali moja kule Songea. Mgonjwa anawekewa dripu ya dawa mbili kila baada ya wiki tatu, na dawa zenyewe zinasafirishwa kutoka Dar zikiwa ndani ya barafu. Siku ya kwanza alituketisha mimi na Bonifasia mbele ya kompyuta yake.

"Mzee Tarsisi, mwili wako una askari," akaanza.

"Hilo nilifundishwa darasa la tano," nikamjibu.

"Basi walikufundisha nusu," akasema, wala hakukasirika. "Askari hao ni chembe nyeupe za damu. Zinazunguka mwilini, zikikuta chembe iliyoharibika zinaiua. Lakini kila askari amewekewa breki, asije akaua na wazima. Saratani imeijua hiyo breki. Askari akisogea tu, anakanyagiwa breki, anasimama palepale na kusinzia."

Akatuonyesha picha. Ilikuwa ya kipande cha ini langu walichokitoa kwa sindano na kukitia rangi. Uvimbe ulionekana wa zambarau, na pembeni mwake vidoti vya kahawia vimejipanga vingi tu. Ndani ya uvimbe hakikuwamo hata kimoja.

"Vidoti hivyo ndio askari wako," akasema. "Wamefika mlangoni, wamekataa kuingia."

Niliwakasirikia kwelikweli. Miaka yote hiyo nawalisha, siku ya kazi wananisimamia mlangoni.

Dawa ya kwanza, alieleza, inauzuia ule mguu unaokanyaga breki. Ya pili inaipunguza mishipa ya damu ambayo uvimbe umejiotesha ovyoovyo, ili njia ipatikane na askari wapite. Nikamwambia kwetu hiyo ni kazi ya ngoro. Yeye mtu wa dukani hakuelewa, ikabidi Bonifasia amweleze: kwenye miteremko yetu mwanamume anafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari ya kukatana, mwanamke anakuja nyuma yake anachimba mashimo katikati na kuzifukia zile nyasi kwa udongo, na hapo ndipo shamba linapatikana. Mmoja akikosekana hakuna ngoro. Kauthar alicheka, akasema atawapelekea wenzake wa Dar maelezo hayo.

Kisha akaacha kucheka. "Askari wakiamka wanaweza kuvuka mpaka. Wanaweza kuishambulia ngozi, utumbo, hata mapafu. Ukiwashwa, ukiharisha, ukikohoa, nipigie simu saa yoyote. Na usimeze kitu chochote bila kuniambia."

Dripu ya pili ilipoisha nikaanza kuwashwa. Mgongo, mikono, hadi nyayo. Nilikuwa najisugua kwenye mwimo wa mlango kama mbuzi, na wajukuu wananichungulia. Kauthar akanipa mafuta ya kupaka, akasema nivumilie, kwa sababu kipimo cha saratani kwenye damu kilikuwa kimeshuka na huenda askari wangu wameamka. Nilivumilia. Tatizo ni kwamba na chakula kilinikataa. Ugali ukawa mchanga mdomoni, suruali zikaanza kuniacha.

Sasa kwetu sisi Wamatengo kuna sengu. Wanaume wa ukoo mmoja wanakula pamoja kwa mkubwa wao, kila mke analeta chakula alichopika, na mambo ya ukoo yanazungumzwa hapohapo mikono ikiwa kwenye sinia. Siku hizi watu wengi wameiacha, kila mtu anakula kwake akitazama simu. Sisi tumebaki nayo Jumapili baada ya misa, nyumbani kwa kaka yangu Ildefonsi. Ni jambo jema, na nitalitetea hadi mwisho. Ila sengu ina macho. Chakula cha kila mwanamke kinaonwa, na mume wa kila mwanamke anaonwa.

Jumapili moja Ildefonsi alinitazama mabega, akatazama sinia la Bonifasia, akauliza kwa sauti, "Tarsisi, hivi huyu mke wako anampikia nani?"

Wanaume wakacheka. Mimi nilikuwa napambana na tonge lililokataa kushuka, sikulitia maanani. Bonifasia alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko akisubiri vyombo na wake wenzake wa ukoo. Yeye alisikia, na wenzake wote wakamgeukia.

Haukupita muda nikapata nafuu. Na nafuu yenyewe haikuwa ya kubabaisha. Muwasho ukatoweka kana kwamba umefagiliwa. Njaa ikanishika asubuhi, mchana na jioni. Nilikuwa namaliza uji nakwangua sufuria, mbele ya wajukuu, bila aibu. Mashavu yakajaa yakawa mviringo. Ildefonsi akala kwenye sinia la Bonifasia, akamsifu mbele ya wote, na yeye akainamisha kichwa kwa adabu. Nilimtania njiani kwamba sasa atavimba kichwa. Hakucheka. Nilidhani amechoka, maana ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa na kazi ilikuwa nyingi.

Tulipokwenda Songea tena, basi letu lilikwama Kitai nyuma ya malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, na nililala njia nzima kwa raha ya shibe. Kauthar aliponiona hakufurahi. Aliyatazama mashavu yangu muda mrefu. Akapima sukari, ikawa juu. Akapima damu, na kile kipimo cha saratani kilichokuwa kimeshuka kilikuwa kimepanda tena. Akanichoma sindano nyingine ya kutoa kipande cha ini, akatuambia turudi majibu yakitoka.

Majibu yalipotoka alizifungua picha mbili, ya zamani na mpya, bega kwa bega. Sikuhitaji kuelezwa. Vidoti vya kahawia vilikuwa vimepungua sana, na vichache vilivyobaki vilikuwa palepale mlangoni. Ndani zambarau tupu.

"Mzee Tarsisi," Kauthar akasema, "unatumia dawa gani nyingine?"

"Hakuna."

"Ya kienyeji? Ya dukani?"

Hapo nikapanda. "Daktari, mimi simezi hata panadol bila ruhusa yako! Mafua yalinishika nikayanyamazia. Unadhani nimekuja hapa kuchezea dawa za watu? Unadhani sisi wa shamba hatujui kusikia tunapoambiwa?"

"Sijasema hivyo, baba."

"Umesema kwa macho!"

"Ni mimi," Bonifasia akasema.

Alisema kwa sauti ndogo, akiitazama mikono yake. Alikuwa ameshuka Mbamba Bay kuuza maharage na kununua usipa, wale dagaa wa ziwani. Pale sokoni karibu na ufuko, mwanamke mmoja mwenye meza ya vipodozi alikuwa anauza vidonge vya kuongeza hamu ya kula. Vidogo, havina harufu, ukivisaga havionekani kwenye uji. Alinunua, akawa ananitilia kila asubuhi. Alipoona na muwasho umeisha, aliamini Mungu amemwonyesha.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Ungekataa. Wewe na masharti ya daktari." Kisha akamgeukia Kauthar, machozi yakaanza kumtoka. "Walisema nampikia nani. Walisema mbele ya watu wote, daktari. Mume wangu anakauka nikimwona, na wao wanauliza nampikia nani."

Hasira ilikuwa imeshanifika kooni na neno baya lilikuwa tayari. Nikamwona alivyokaa kwenye ukingo wa kiti, kama mtu anayesubiri kufukuzwa, baada ya miaka yote ya kuchimba nyuma yangu shambani. Nilimhurumia. Hasira haikuisha, lakini ilihama, ikaenda kukaa kwa kaka yangu Ildefonsi.

Kauthar hakumgombeza. Aliuliza kwa siku ni vidonge vingapi na kwa muda gani, akaomba kuviona. Bonifasia alikuwa navyo kwenye pindo la kanga.

"Hizi ni dawa za kweli," Kauthar akasema, akivigeuza kiganjani. "Hata hapa tunazo. Askari wakivuka mpaka wakaanza kuushambulia mwili, tunazitumia kuwalaza. Ndiyo maana muwasho uliisha. Ila mama, sisi tulikuwa tunawaamsha, wewe ukawa unawabembeleza walale. Na wamelala."

Nje kulikuwa na mtu anasukuma kitanda cha magurudumu.

"Basi leo ndio mwisho," nikasema. "Sinywi tena huo uji."

"Hapana! Usiache ghafla." Aliinua mkono kunizuia. "Mwili una kitu kama hiki unachojitengenezea wenyewe; sasa umezoea vidonge, umeacha kutengeneza cha kwake. Ukikata mara moja unaweza kuanguka na usiamke. Tutapunguza kidogokidogo, nitawaandikia. Dripu inasimama. Wakuu wa mradi nitawaeleza ukweli wote, na wana haki ya kukutoa. Nitawaomba wakusubiri. Vidonge vikiisha na sukari ikitulia, nitaomba urudishwe. Wakikataa, mimi hapa sina dawa nyingine ya maana ya kukupa."

"Na mashavu?" Bonifasia akauliza.

"Yataondoka, mama. Atakonda kuliko mwanzo. Usishtuke."

Kabla ya kitu kingine nilitaka kumwona yule mwuza vidonge. Tulipokwenda kununua usipa nilishuka na Bonifasia hadi Mbamba Bay, nimeshayapanga matusi yangu toka Mbinga. Samaki walikuwa wamemwagwa kwenye vichanja ufukweni, ziwa limetulia, na kule ng'ambo milima ya watu wengine inaonekana kwa mbali. Meza niliiona. Nikaisogelea nikiwa nimekunja uso, yule mwanamke akainua kichwa kunikaribisha.

Mashavu yake yalikuwa kama yangu. Mviringo uleule, wekundu uleule, hata shingo imejaa nyuma kama yangu. Matusi yote yakanikauka. Nikamuuliza taratibu kama na yeye anavimeza.

"Mwaka wa pili, baba yangu," akasema. "Nilikuwa nimekonda, mume akawa ananisema. Sasa nikijaribu kuacha naishiwa nguvu hadi naanguka."

Nilivuta kigoda, mimi niliyekuja kugombana, nikamweleza yote: asikate ghafla, aende kituo cha afya akiwa na vidonge mkononi, aseme ukweli. Bonifasia alimshika mkono muda wote huo. Alituahidi atakwenda. Vidonge alivitoa mezani akavitia kwenye mfuko wake. Alichovifanyia baadaye sikijui.

Kisha kukonda kukaja. Kila nilipopunguza kidonge mwili ulidai, viungo vikauma, chakula kikarudi kuwa mchanga. Mashavu yalishuka nikabaki na mifupa ya uso. Kanisani watu waliacha kunipiga bega. Sasa walikuwa wananishika mkono kwa mikono miwili, kama unavyomshika mfiwa. Bonifasia alikuwa anapika, anaketi mbele yangu, anatazama tonge likipanda na kurudi sahanini. Majibu ya wakuu wa mradi yalikuwa hayajafika. Nilikuwa naogopa. Shambani, nikiwa peke yangu kati ya mibuni, nililisema kwa sauti: naogopa.

Siku ya Kupalizwa Mama Maria sengu yetu inakuwa kubwa. Wanakuja ndugu wa Mpepai, wa mjini, hata kijana wetu anayeendesha lori la makaa. Bonifasia aliamka mapema akapika ugali, maharage na usipa wa kukaanga kwa nyanya. Njiani alikuwa amelibeba sinia kichwani, na nyuma yangu nilisikia pumzi zake.

"Baba Placidi," akaniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, "leo tungebaki nyumbani."

"Hatubaki."

Tulipoketi, Ildefonsi alinitazama. Niliona macho yake yakitoka kwenye mabega yangu yakielekea kwenye sinia, na mdomo unaanza kufunguka.

"Kaka, shikamoo," nikamkatiza.

"Marahaba. Si tulishaamkiana?"

"Tuliamkiana. Nakuamkia tena ili nikisema usione nimekosa adabu." Nikalivuta sinia la mke wangu mbele yangu, nikaita kuelekea jikoni, "Mama Placidi! Njoo hapa."

Wake hawaitwi sengu watu wanapokula. Bonifasia akatokea, amesimama mlangoni, kanga ameikamata kwa mikono miwili.

Nikaanza kula. Sikuwa na njaa hata chembe. Tonge la kwanza lilisimama njiani, nikalisukuma kwa maji. Nikakata la pili. Maharage, usipa, ugali, nikatafuna polepole na hakuna aliyenigusia sinia. Jasho lilinitoka kwenye paji la uso. Kuna mahali katikati nilidhani nitashindwa, nikamtazama Bonifasia, nikaendelea. Nilikula hadi nikaufuta mchuzi kwa kidole.

"Chakula cha mke wangu hakina kasoro," nikasema. "Mwilini mwangu kuna vita, na vita hivyo vinakula. Nitakonda zaidi ya hivi, na nikikonda ndio dawa inatafuta njia. Anayetaka kujua Bonifasia anampikia nani, amenitazama. Asiulize tena."

Ildefonsi alishusha macho. Akanawa mkono, akasogea kwenye kigoda chake na kumwonyesha Bonifasia nafasi. "Shemeji, kaa," akasema. "Leo kula na sisi."

Alikaa. Nilipotoka nje nilitapika nyuma ya migomba, lakini hilo halikumhusu mtu.

Jibu la wakuu lilifika kahawa ikiwa tayari imekauka. Kauthar alipiga simu mwenyewe: wamekubali nirudi. Nikarudishiwa dripu moja, kisha nyingine. Sikuahidiwa chochote. Kipimo cha damu kilikataa kupanda, kikakataa kushuka, na Kauthar akasema tusubiri, askari waliolala sana hawaamki kwa siku moja. Jumapili Ildefonsi alikuwa ananiuliza taratibu, mkono ukiwa kwenye sinia, "Hao askari wanaendeleaje?" Nami namjibu, "Wanapiga miayo, kaka."

Kisha ikaja asubuhi moja, mvua za kwanza zimenyesha. Bonifasia alikuwa uani anapepeta maharage ya mbegu, mimi nimeketi kizingitini nasubiri uji. Nikajikuta najisugua kwenye mwimo wa mlango. Nikaacha. Nikajisugua tena. Ulianzia katikati ya mgongo, pale mkono usipofika, ukapanda hadi mabegani.

"Mama Placidi," nikasema, "hebu njoo unikune."

Ungo ulimponyoka, maharage yakatapakaa uani. Alikuja mbio, akaniinua shati, akayaona madoadoa. Hakunikuna. Alikimbilia ndani, akatoka na simu akitafuta namba.

"Daktari! Daktari, shikamoo! Anawashwa!" Alikuwa analia na kucheka, sauti inafika kwa majirani kama anatangaza mtoto amezaliwa. "Ndiyo, mgongo mzima! Hapana, hajameza kitu, naapa hajameza kitu! Nimpake mafuta tu? Tuje kesho kupima? Tunakuja! Hata leo tunakuja!"

Alipokata simu alibaki amesimama katikati ya maharage, ameikumbatia simu kifuani. Nikamwambia aiweke chini, aje anikune.